Prosesa ya Zamani Usiiuze

6 Januari

Kaka,

Salamu zote unazozijua nimeziweka humu, na ambazo huzijui Mama kasema nikuongezee. Sisi wazima. Mama kifua kinambana asubuhi, ikifika mchana anapata nafuu, na dawa anakunywa bila kugombana. Baba mdogo anakusalimu pia. Yuko hapa hapa kwenye kiti chake, anangoja nimalize nimsomee. Nyumba hii unaijua, barua haina mwenyewe. Yako ya mwezi uliopita nimeisoma sebuleni mpaka sauti ikakauka, maana Mama anataka nirudie pale uliposema unakula vizuri. Nikiruka mstari mmoja tu ananishtukia.

Sasa nina la kukuuliza, na wa kuulizwa ni wewe. Kompyuta yako ya gemu inazeeka vibaya. Tangu wabadilishe toleo la gemu, inakwamakwama. Nikiwa peke yangu barabarani inakwenda, nikiingia kwenye watu wengi picha inaganda, ikirudi nimeshauawa. Vijana wa timu yako wamenipa nafasi yako na wananivumilia, lakini uvumilivu una kiasi. Mwisho wa mwezi ujao kuna mashindano na siwezi kwenda nayo hivi.

Nimemwona Bisibisi, yule mwenzako wa pale dukani. Anazo prosesa mbili (Mama kauliza ni nini, nikamwambia ni ubongo wa kompyuta). Moja ni ya kori nane, mpya ndani ya boksi, lakini madabodi yetu, ule ubao wa ndani, haiipokei, kwa hiyo ningenunua madabodi na rami pia. Hiyo niliitazama tu nikaiaga. Ya pili ni mtumba, kori sita, inaingia pale pale ilipokaa yetu ya kori nne. Hela yangu ni ya kusuka nywele za watu na haifiki, ila Bisibisi kasema nikimpa ile ya zamani atanikatia bei. Nichukue? Feni iliyopo itaitosha?

Ukijibu andika kwa herufi kubwa kidogo. Mlango wa kutembelea wafungwa bado mmefungiwa kwa ule ugonjwa, basi tuandikiane.

Wako,
Sisimizi


20 Januari

Mdogo wangu Sisimizi,

Mwambie Mama nakula vizuri. Hiyo mrudie mara ngapi atakavyo.

Mimi niko karakana ya ushonaji. Nashona mifuko ya sare, ya kushoto tu, wa kulia yuko mwingine. Nilitegemea wakinisikia ni fundi wa kompyuta wangeniweka ofisini, kumbe ofisini wana mashine moja na inatumika kuwekea vikombe.

Kuhusu prosesa: usinunue. Tatizo si prosesa, ni rami. Gemu za siku hizi zinakula rami, hiyo kumbukumbu ya muda, ikijaa kila kitu kinaganda. Nunua rami ya mtumba, kipande kimoja, kinachomeka bila hata bisibisi. Utabaki na chenji ya kusuka watu bure.

Hilo boksi la kompyuta usilifungue zaidi ya hapo na usilipeleke dukani. Bisibisi ni rafiki yangu lakini mikono yake ina haraka. Diski usiiguse kabisa. Kama gemu inakusumbua sana, punguza ubora wa picha, zima vivuli, cheza hivyo hivyo. Au iache mpaka wageni waruhusiwe, uje tuzungumze uso kwa uso. Kuna mambo ya kompyuta hayaelezeki kwenye karatasi.

Msalimie Baba mdogo.

Kaka yako


2 Februari

Kaka,

Barua yako nimeisoma na Mama kafurahi. Mimi sikufurahi, na nakuambia hivyo hivyo.

Nani alinifundisha kuwasha zile namba za pembeni ya skrini? Si wewe? Ulinikalisha hapo ukasema usimsikilize muuza duka, zisikilize namba. Basi nimezisikiliza. Nikiingia kwenye watu wengi, prosesa inagonga mia kwa mia. Kadi ya picha iko arobaini, imekaa tu inasubiri kupewa kazi. Rami haijafika hata nusu. Kama tatizo ni rami, mbona rami imelala? Kwa hiyo ama huko ndani wamekusahaulisha kazi, ama unaninyima kompyuta yako na hutaki kusema. Mama kaniambia nifute sentensi hiyo. Sijaifuta.

Nilipofika pale pa kutoigusa diski, Baba mdogo alicheka akauliza ndani ya hilo boksi kuna nini mpaka lilindwe hivyo. Sote tukacheka. Nikasema labda kuna picha za mchumba. Lakini siku ya pili yake aliniita akanipa hela ya kujazia, na mkono wake unaujua ulivyo mgumu. Akasema kijana akitaka kitu cha maana asaidiwe, na kwamba nikifanya nifanye upesi. Nikamshukuru mpaka nikaona aibu, maana mwezi huu nilikuwa nimemnunia kwa kunikataza kuchelewa kurudi jioni.

Hata kwa hela yake, nisipompa Bisibisi ile ya zamani sifiki. Kwa hiyo nakuomba baraka tu, uamuzi nimeshaukaribia. Na mashindano yana zawadi. Hiyo zawadi nina kazi nayo, usiniulize kazi gani.

Sisimizi, aliyekasirika


16 Februari

Sisimizi,

Umenikamata. Namba zako ni sahihi, tatizo ni prosesa. Nilikuambia rami kwa sababu nilitaka usiifungue mashine, na sababu zangu zipo. Usinikasirikie.

Ya kori sita ni chaguo zuri. Kori nane isingekusaidia kwa kadi ya picha tuliyo nayo, ungelipia wafanyakazi wasio na kazi. Kabla ya kulipa, igeuze uangalie pini chini, zote ziwe zimesimama wima. Iliyopinda hata moja, iache. Feni iliyopo inatosha. Dawa ya joto weka kiasi cha punje ya mchele, futa ya zamani kwanza. Madabodi ipewe programu mpya prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, maana bila hivyo haitamtambua mgeni. Hilo Bisibisi analijua.

Sasa haya soma taratibu.

Prosesa ya zamani usiiuze. Funga kwenye boksi dogo, weka kabatini. Kama hela haitoshi, subiri. Kwenye diski kuna kazi za wateja nimezifungia, na kufuli lake limekaa ndani ya prosesa hiyo. Namba ya kufungulia ilikuwa kwenye simu yangu, na simu ilichukuliwa siku ile wala sijarudishiwa.

Utakapoiwasha na prosesa mpya, itakuuliza swali kwa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi. Bonyeza N. Ukibonyeza N, kufuli linabaki, na siku tukirudisha prosesa ya zamani diski itafunguka. Ukibonyeza Y, kufuli linavunjwa na hakuna fundi duniani wa kulirudisha. N. Hata Bisibisi akisema vingine.

Kaka yako


18 Februari

Kaka yangu mpenzi,

Imekubali! Nakuandikia mikono bado ina ile dawa nyeupe, haitoki hata kwa sabuni.

Jibu lako nililingoja nikachoka. Kujiandikisha kunafungwa kesho, na Bisibisi alikuwa na mteja mwingine wa ile ya kori sita. Baba mdogo akasema unangoja nini, kaka yako akikataa atakuwa ameshachelewa. Nikabeba boksi begani mpaka dukani.

Bisibisi alifanya kila kitu mbele yangu. Kwanza akaipa madabodi programu mpya, kisha akaitoa ya zamani, akaifuta, akaiweka kwenye droo yake. Hiyo ilikuwa sehemu ya malipo. Mpya aliiweka mimi nimeshika tochi ya simu. Tulipowasha ikaja skrini nyeusi yenye maandishi, inauliza Y au N. Mikono ya Bisibisi ilikuwa imejaa dawa, akasema soma mwenyewe, kompyuta ni yenu. Nikasoma kwa Kiingereza changu cha shule, nikaona inasema kuna prosesa mpya, je, tuanze upya? Nikasema si ndicho tulichokuja kufanya. Nikabonyeza Y.

Diski ikagoma. Ikataka namba ndefu ambayo hatuna. Bisibisi akasema haina neno, akanipa diski ndogo yake mwenyewe, tukaweka kila kitu upya. Ile yako nimeiweka kabatini kwenye soksi, najua una wivu nayo. Kama humo mlikuwa na kazi za wateja, samahani, lakini tangu uondoke hakuna mteja aliyekuja kudai chochote.

Na gemu sasa! Inateleza. Nimeingia sokoni kwenye watu wote wale na picha haikutikisika. Vijana wa timu waliniuliza kama umetoka.

Sisimizi wako, hana hasira tena


21 Februari

Mdogo wangu,

Barua hii haikupita kwa askari. Aliyekupa anaitwa Kinyozi, tumelala ukuta mmoja tangu nije hapa, na kesho anatoka. Nimemwambia akufuate unakosuka, asikanyage nyumbani. Usiisome sebuleni. Ukimaliza, usimwonyeshe mtu isipokuwa wakili, kama tutapata wakili.

Gari siku ile sikuendesha mimi.

Wewe ulikuwa kwa shangazi. Mama alikuwa amelala na dawa zake. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta, masikioni nimevaa vipokea sauti, mechi imeanza na timu yote inasikilizana. Baba mdogo aliingia akaomba ufunguo, akasema anakwenda kumchukulia Mama dawa. Nikampa. Nikamwambia breki inavuta kushoto, aende taratibu. Nikaendelea kucheza. Mechi haijaisha akarudi, akasimama nyuma yangu, akasema: "Zima hilo. Nimegonga mtu."

Unajua nilikuwa narekodi mechi zangu zote ili nijione nilipokosea. Mashine inachukua picha ya gemu na sauti ya chumbani, na saa inaonekana pembeni. Asubuhi yake, kabla hawajaja kunichukua, niliisikiliza. Yote imo. Anavyoomba ufunguo, ninavyomjibu, anavyorudi. Niliisikiliza kwa masikio yangu mwanzo hadi mwisho.

Utauliza kwa nini nilikubali kosa. Alikaa kitandani kwangu akalia. Akasema mimi sina mke wala mtoto, yeye akifungwa Mama atakufa kwa kukosa dawa na wewe utaacha shule. Akaapa itakuwa faini, na faini atailipa yeye. Nikamwonea huruma, na nikawaonea huruma ninyi. Nikasimama mbele ya hakimu nikasema ni mimi. Ikawa miaka sita. Hajawahi kuandika barua yake mwenyewe, anatuma salamu tu kwenye zako.

Nilijiambia nitaimaliza. Siwezi. Yule mama aliyekuwa anavuka na mtungi wa gesi namwota, na wala sikumgonga mimi. Nimeuliza hapa ndani, wanaojua wanasema kesi inaweza kufunguliwa tena ukija na kitu kipya cha kuonyesha. Kitu chenyewe ndicho hicho, hakuna kingine. Ndiyo maana nikakuambia usiiguse, na ndiyo maana sikuweza kusema kwa nini, yeye amekaa pale anasikiliza. Hela aliyokuongezea huenda alikupa kwa wema, huenda alinusa kitu. Sijui.

Kama bado hujafanya lolote, usifanye. Chukua kompyuta nzima uipeleke kwa Bisibisi aifungie. Jibu lako litume kwa jina la duka lake.

Kaka yako


10 Machi

Kaka,

Natuma kwa jina la duka. Askari wakiifungua waisome, sijali.

Kinyozi alipita kwao kwanza, akanifuata mwanzoni mwa mwezi huu nikiwa na kichwa cha mteja mikononi. Barua niliisomea kwenye choo cha nyuma. Siku tatu baadaye ndiyo ikafika ile yako ya posta, ya N, ina muhuri juu ya muhuri.

Nilimkimbilia Bisibisi. Prosesa ya zamani alikuwa bado hajaiuza, akanipa bila kuniuliza chochote. Tukairudisha, tukachomeka diski yako. Ikataka namba. Tukajaribu tena na tena mpaka akafunga duka. Kesho yake nikaenda kwa fundi mwingine, yule wa kwenye jengo la benki. Akaipima diski akasema ni nzima, haina ugonjwa wowote, imefungwa tu. Akaniuliza siku ya kubadilisha mlibonyeza nini. Nikamwambia. Akanirudishia diski, hata hela yake hakuchukua.

Sikuweza kunyamaza. Nilimwambia Baba mdogo usoni, Mama akiwapo. Nilidhani atanipiga. Hakunipiga. Aliweka kikombe chini akasema, "Leta hiyo sauti tuisikilize sote." Mama akaniangalia, akangoja. Nikasema haipo tena. Basi Mama akaniuliza kwa nini nataka kumuua kwa mara ya pili. Tangu siku hiyo hanisemeshi, anapitisha maneno kwa jirani. Dawa bado ananunua Baba mdogo. Anaileta, anaiweka mezani, anaondoka.

Ile kazi ya zawadi sasa nakuambia. Tulishika nafasi ya pili. Hela yote nilikwisha kumpelekea wakili kabla Kinyozi hajaja, nikimwambia aangalie kama adhabu yako inaweza kupunguzwa. Nilitaka iwe siri mpaka ikubali. Nimerudi kwake nikamweleza habari ya rekodi, akanyanyuka kwenye kiti. Nilipomwambia imefungwa akakaa. Kasema bila hiyo ni neno lako la sasa dhidi ya neno lako la mbele ya hakimu.

Nimeacha kusuka. Mteja alilalamika kwamba namvuta nywele kama nataka kumng'oa. Chakula nakirudisha sufuriani. Nikifumba macho naona skrini nyeusi na herufi mbili. Nawaza mambo ambayo sitayaandika hapa.

Niambie ukweli na usinihurumie. Ningebonyeza ile nyingine, ungetoka?

Sisimizi


24 Machi

Bisibisi, ndugu yangu,

Nakuandikia wewe kwanza. Mdogo wangu atakuja kwako na maswali. Najua hukujua diski ilikuwa na kufuli, sikukuambia, na ulifanya kazi kama ambavyo ningeifanya mimi.

Rekodi ilikuwepo. Niliisikiliza asubuhi ile. Wewe nakuambia ili mtu mmoja nje awe anajua. Na angebonyeza N leo ningekuwa na kesi mpya, nadhani ningetoka. Wewe na mimi tunajua prosesa inavyofanya kazi, hatuwezi kudanganyana.

Yeye hatajua. Nimeisoma barua yake mpaka karatasi ikalegea. Humu ndani nimeona mtu akianza kuandika hivyo mwisho wake unakuwaje, na mimi siwezi kuukuta mwisho huo nimekaa nashona mifuko. Siwezi kumwambia diski ilikufa, kuna fundi keshamwambia ni nzima. Siwezi kumwambia kitufe hakikuwa na maana, nilimwandikia mwenyewe kuwa kina maana. Lililobaki ni kusema ndani hakukuwa na kitu. Akikuuliza, sema mimi sikuwa mtu wa kurekodi. Ukinihurumia mimi utamuua yeye.

Mnunulie soda siku akipita, nitakulipa.

Rafiki yako


24 Machi

Sisimizi wangu,

Umeniuliza ukweli, huu hapa.

Rekodi haikuwepo. Siku ile sikuwa nimewasha. Hilo nimekumbuka sasa, nilikuwa nimeizima wiki ile kwa sababu diski ilikuwa inajaa. Mtu akikaa humu muda mrefu anajitengenezea kitu cha kushikilia, na mimi nilikishikilia hicho mpaka nikakiona kama kweli. Ungebonyeza N, ungebonyeza Y, ungeipiga nyundo, ni sawa. Kwenye hiyo diski kuna gemu za zamani na kazi za wateja wawili ambao hata mimi siwakumbuki.

Kwa hiyo kidole chako hakijafanya lolote. Nataka ulisome hilo hata mara kumi. Kula. Rudi ukasuke. Kompyuta ni yako sasa, na prosesa uliichagua vizuri kuliko ambavyo ningeichagua mimi, maana mimi ningeivizia ile ya kori nane nikaishia kukosa zote.

Mwombe Mama akusemeshe. Mwambie mimi ndiye niliyekuchanganya.

Kaka yako


9 Aprili

Kaka,

Barua yako nimeipata. Nililia nikiwa dukani kwa Bisibisi, kwanza kwa furaha, maana nilihisi mtu kanivua kitu kizito shingoni. Bisibisi naye nilimuuliza, akasema hukuwa mtu wa kurekodi. Alisema huku anaangalia ukutani, nikajua anakuonea aibu. Nilikwenda nikanunua mkate nikaula wote njiani. Usiku ule nililala mpaka jua likanikuta kitandani.

Kisha nikaamka nikafikiri.

Uliniandikia kwamba uliisikiliza. Hukusema unadhani, hukusema unakumbuka. Ulisema asubuhi yake, kwa masikio yako, mwanzo hadi mwisho, na maneno ya Baba mdogo ukayaandika moja moja, na breki inayovuta kushoto. Kitu cha namna hiyo mtu hakikumbuki vibaya. Ama kipo, ama amekitunga. Na kama kipo, usingesema hakipo, maana hicho ndicho kingekutoa. Hakuna mtu anayetupa ufunguo wa mlango wake mwenyewe. Nimeigeuza kila upande, kaka, inarudi pale pale.

Uliwahi kuniambia tatizo ni rami ukijua si rami. Nilipokukamata ukasema una sababu zako. Basi na hili nalo lina sababu zako. Mimi sikuchukii. Miaka sita ni mingi, na mtu aliye humo anaweza kumtupia mzigo yeyote aliye karibu. Lakini ulimtupia anayemnunulia Mama dawa, na ulinitumia mimi kuubeba mpaka sebuleni.

Barua yako nimewasomea wote wawili. Mama ananisemesha sasa. Alisema tu, "Mungu amsaidie," akaingia jikoni. Baba mdogo nilimpigia magoti nikamwomba msamaha. Alininyanyua haraka, akasema tusilizungumze tena jambo hili nyumba hii. Ana moyo mkubwa kuliko nilivyodhani. Wakili nimemwambia aache. Hela iliyobaki karudisha, imekwenda kwenye dawa.

Nimerudi kusuka. Kompyuta inafanya kazi vizuri. Diski yako nimempa Bisibisi aisafishe aiuze. Alikataa mara ya kwanza, nikamlazimisha.

Jambo la mwisho. Nilikwenda nyumbani kwa yule mama aliyekuwa na mtungi wa gesi. Nilidhani wewe hutawaandikia kamwe, kwa hiyo mmoja wetu aende. Marehemu aliacha watoto wawili, wanakaa na bibi yao. Niliwaambia mimi ni mdogo wa aliyemgonga mama yao, na kaka yangu anawaomba msamaha. Yule mkubwa akaniuliza kwa nini hukuja mwenyewe kuomba. Nikamwambia ulipo, na miaka uliyobakiza. Akasema, "Vizuri."

Mdogo wako